Njia ya Farasi Kando ya Maji

Msomaji, kama umewahi kuendesha baiskeli katika barabara kuu ya lami wakati wa asubuhi, unajua jinsi sikio la mwendeshaji linavyofanya kazi kuliko jicho lake. Nyuma yake lori linanguruma. Mbele yake matatu inasimama ghafula pasipo ishara. Kando yake lami imemegeka na kuacha ukingo mkali. Hana nafasi ya kuutazama mlima wala mto, wala ya kuuliza jina la kijiji anachokipita. Hufika aendako akamshukuru Mungu, lakini ukimwuliza ameona nini njiani atakujibu kwamba ameona magurudumu.

Katika insha hii nataka kukuchukua katika safari ya namna nyingine. Ni safari ya baiskeli ya siku tano au sita katika mashamba ya kusini ya Ufaransa, kwa njia ambayo sehemu yake kubwa haikanyagwi na gari lolote. Huko utausikia mnyororo wa baiskeli yako mwenyewe, utasikia ndege, na mara kwa mara utasikia maji yakianguka. Masikio yako yakipumzika, macho yako yatakuwa huru kusoma. Na njia yenyewe ni kitabu cha historia, ijapokuwa si kila ukurasa wake umeandikwa.

Fungua ramani ya Ufaransa. Upande wa magharibi iko Bahari ya Atlantiki, na upande wa kusini-mashariki iko Bahari ya Mediterania. Tafuta mji wa Toulouse, ulio juu ya mto Garonne, ambao maji yake huingia Atlantiki. Sasa peleka kidole chako upande wa mashariki, ukipita Castelnaudary, Carcassonne na Béziers, mpaka kwenye ziwa la maji ya chumvi liitwalo Étang de Thau, lililotengwa na bahari kwa ukanda mwembamba wa mchanga. Mstari wa buluu unaoufuata kwa kidole ni Mfereji wa Kusini, ambao Wafaransa huuita Canal du Midi. Urefu wake ni kilomita 240. Mfalme Louis wa 14 alitoa amri ya kuuchimba mwaka 1666, nao ulifunguliwa mwaka 1681. Mwaka 1996 UNESCO iliuandika katika orodha ya urithi wa dunia.

Kandokando ya mfereji huo ndiko iliko njia yetu. Zamani ilikuwa njia ya farasi. Mnyama alikwenda juu ya ukingo akikokota tishari kwa kamba ndefu, na mtu mmoja alimfuata nyuma na fimbo. Kwa sababu hiyo njia ni tambarare karibu mwendo wote. Farasi hawezi kuvuta tishari lenye shehena kubwa akiwa anapanda mlima, na maji ya mfereji, kama ujuavyo, hayakubali kulala upande. Penye kilima, mfereji umekizunguka kwa upole; penye bonde, umelivuka juu ya daraja; na kila penye mshuko pamejengwa chumba cha mawe chenye milango mbele na nyuma. Mashua ikiingia katika chumba hicho, mlango wa nyuma hufungwa, maji huingizwa au hutolewa, na mashua hupanda au hushuka taratibu kama mtu aliyekaa ndani ya ndoo kisimani. Chumba hicho tukiite lango la maji. Yako malango zaidi ya 60 katika safari hii, na mwendesha baiskeli hupata mteremko mfupi au mwinuko mfupi kwenye kila moja, kisha njia hunyooka tena.

Mwaka mmoja niliichora ramani hii ubaoni mbele ya darasa la walimu wanafunzi. Nilitaka kuwafundisha jinsi bahari mbili zinavyoweza kuunganishwa. Nilieleza habari za mfalme, na waziri wake Colbert, na mtu aliyeibuni kazi yenyewe, nikaandika tarehe zote kwa mwandiko mzuri. Nilipokwisha, msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha aliinua mkono. “Mwalimu,” akasema, “umetutajia aliyeamuru, na aliyelipa, na aliyefikiri. Ni nani aliyebeba udongo?”

Sikuwa na jibu. Nilimwambia nitamletea siku nyingine, kama sisi walimu tulivyozoea kusema, nikafuta ubao. Lakini swali lile halikufutika. Tangu siku hiyo sikuweza kuusoma mfereji huu isipokuwa kwa swali lake, na nakuomba nawe ulichukue katika mkoba wa baiskeli yako.

Tuanze Toulouse. Ni mji wa matofali mekundu, na katika kanisa lake kuu la Saint-Étienne amezikwa Pierre-Paul Riquet, mtu ambaye jina lake utalikuta kila mahali katika safari hii. Alizaliwa Béziers mwanzoni mwa karne ya 17. Hakuwa mhandisi. Alikuwa mkusanyaji wa kodi ya chumvi, kodi iliyochukiwa mno na raia, na kwa kazi hiyo alipata utajiri mkubwa. Watu wa milima ya Roussillon, karibu na Hispania, waliinuka kwa silaha kuipinga kodi hiyo katika miaka ya 1660, na mwenye dhamana ya kuikusanya huko alikuwa Riquet huyohuyo. Vitabu vingi vya watoto havilitaji jambo hili. Mimi nalitaja, kwa maana fedha aliyoitia katika mfereji ilitoka mahali fulani.

Lakini kama nilivyomlaumu, hapana budi nimsifu. Wazo la kuunganisha bahari mbili lilikuwa la kale, na wafalme kadhaa walilitamani. Mashua za biashara zilizotoka Atlantiki kwenda Mediterania zililazimika kuizunguka Hispania nzima na kupita mlango wa bahari wa Gibraltar, penye dhoruba na maharamia na ushuru wa wageni. Kila mtu aliona faida ya njia fupi. Kikwazo kilikuwa kimoja: kati ya Toulouse na Mediterania ardhi huinuka. Unaweza kuchimba mfereji juu ya mgongo wa ardhi, lakini ni nani atakayeujaza maji, ikiwa kila tone huteremka huku na huku? Riquet alilipata jibu, akamwandikia Colbert barua mwezi wa Novemba 1662. Umri wake ulikuwa umepita miaka 50, wakati ambao matajiri wenziwe walikuwa wakitafuta kiti cha kupumzikia.

Kutoka Toulouse, kwa kiasi cha kilomita 50, njia imetiwa lami, na waendeshaji ni wengi: wazee wenye kofia, watoto wa shule, wasafiri wenye mahema nyuma ya baiskeli. Huo ni mwendo wa asubuhi moja na alasiri moja bila haraka. Tazama umbo la malango ya maji unayoyapita. Hayana kuta zilizonyooka, bali yamevimba katikati kama yai. Ukuta wa lango mojawapo la mwanzo ulianguka kwa kusukumwa na udongo, na Riquet akajifunza kwamba ukuta uliopindwa hustahimili msukumo kuliko uliosimama wima. Kosa hilo moja limeyapa malango ya mfereji wote sura yake, na hadi leo mashua hupita ndani ya mayai hayo ya mawe.

Kisha utafika Naurouze. Usitegemee kuona mlima. Ni mahali pa kimya penye miti mirefu, mita 190 hivi juu ya usawa wa bahari, na mtu anayepita kwa gari katika barabara kuu iliyo karibu hapati hata nafasi ya kujua kwamba amepita. Mwendesha baiskeli hupaswa kushuka hapa. Maji yanaingia katika mfereji kutoka upande mmoja, kisha yanagawanyika: mengine yanakwenda magharibi kuelekea Toulouse na Atlantiki, mengine mashariki kuelekea Mediterania. Hapa ndipo fumbo lilipofumbuliwa. Riquet alitambua kwamba kama angeweza kuleta maji ya kutosha mahali hapa pa juu kabisa, mfereji wote ungejaa kwa uzito wa maji yenyewe, pande zote mbili.

Maji hayo aliyatoa Mlima Mweusi, Montagne Noire, ulio upande wa kaskazini-mashariki, ambako mvua hunyesha zaidi. Hakuyagundua peke yake. Msaidizi wake alikuwa Pierre Campmas, fundi wa chemchemi wa mji wa Revel, aliyeijua mikondo ya mlima ule kama mfugaji ajuavyo ng’ombe wake. Waliikusanya mikondo hiyo kwa vijifereji vyembamba, wakaiongoza kwa makumi ya kilomita mpaka Naurouze. Na kwa kuwa mito hukauka wakati wa kiangazi, walijenga bwawa huko Saint-Ferréol ili kuhifadhi maji ya masika. Ukipenda, acha njia kuu siku moja, ufuate kijifereji cha uwandani hadi huko. Ni njia nyembamba ya udongo, chini ya matawi, na maji yanakuja dhidi yako muda wote.

Jiwe la kwanza la boma la Saint-Ferréol liliwekwa mwezi wa Aprili 1667, na kazi ikaendelea miaka mitano. Boma lina urefu wa karibu mita 800, na bwawa lake huweza kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo milioni 6. Katika zama zile halikuwapo boma kubwa kama hilo Ulaya. Halikujengwa kwa ukuta mmoja wa mawe tu. Kuta zimesimama sambamba, na katikati yake pameshindiliwa udongo mwingi ajabu. Udongo huo ulibebwa kwa vikapu, kikapu baada ya kikapu. Na wabebaji, msomaji, walikuwa wengi wao wanawake.

Hilo ndilo jibu la kwanza nililompelekea mwanafunzi wangu. Wakati kazi ilipopamba moto, mfereji uliajiri watu wapatao 12,000, wanaume na wanawake. Mwanachuoni wa Marekani Chandra Mukerji, aliyechapisha kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 2009, anaeleza zaidi ya hayo. Wanawake waliotoka vijiji vya milima ya Pyrenees, asema, hawakuleta mikono na vichwa vya kubebea tu. Walileta ujuzi. Katika vijiji vyao ilikuwa desturi ya miaka mingi kuyaongoza maji ya mlima kwa vijifereji hadi mabirika ya kufulia na mashamba, na ujuzi huo, usioandikwa na mtu, ulifaa sana mahali ambapo wahandisi wa mfalme walikuwa na hesabu nzuri lakini hawakuwahi kuyashusha maji mlimani. Kwa hiyo hata katika orodha ya waliofikiri, orodha niliyoiandika ubaoni, nilikuwa nimepunguza majina.

Ni haki pia kusema jinsi walivyolipwa. Riquet aliwapa wafanyakazi wake mshahara wa mwezi, na alilipa hata siku za mvua, Jumapili, sikukuu, na siku za ugonjwa. Katika karne ya 17 jambo hilo lilikuwa geni kabisa. Wako wasemao kwamba aliongozwa na huruma. Yawezekana, lakini mimi nafikiri alikuwa mfanya biashara aliyejua kuhesabu. Wakulima huondoka wakati wa mavuno, na mtu mwenye bwawa lililojengwa nusu hawezi kuwaachilia waondoke. Basi aliwazuia kwa njia iliyo bora kuliko mjeledi. Haidhuru sababu ilikuwa nini, chakula kilifika mezani.

Rudi sasa kwenye mfereji. Mbele ya Naurouze lami hukoma, na sehemu nyingi ni udongo, kokoto na mizizi ya miti iliyotokeza juu kama mishipa ya mkono wa mzee. Mvua ikinyesha, tope hushika matairi. Utapita Castelnaudary, ambako mfereji hupanuka ukawa kama ziwa dogo mbele ya mji, nawe utakula maharagwe yaliyopikwa taratibu pamoja na nyama, chakula ambacho watu wa hapo hujivunia kuliko kanisa lao. Usile mengi ikiwa unataka kuendelea siku ileile.

Ukikaribia Carcassonne utaiona ngome juu ya kilima, minara yake 52 na kuta mbili zinazouzunguka mji wa kale kwa kilomita 3. Mji huu ulisalimu amri mwezi wa Agosti 1209, katika vita ambavyo Papa Innocent wa 3 aliviitisha juu ya Wakristo wa nchi hii walioitwa Wakathari, ambao mafundisho yao Kanisa liliyahesabu kuwa uzushi. Baadaye wafalme wa Ufaransa waliuimarisha, kisha mpaka wa Hispania uliposogezwa kusini katika karne ya 17 ngome ikakosa kazi, nyumba za maskini zikajengwa kati ya kuta mbili, na katikati ya karne ya 19 palikuwa na mpango wa kuibomoa. Watu wa hapo walipinga, na kuanzia mwaka 1853 msanifu Viollet-le-Duc aliirudishia sura. Wajuzi bado wanabishana kama mapaa yake ya mawe meusi, yaliyochongoka, yanafaa nchi ya kusini. Kwa mtazamo wa mbali, kutoka kitini pa baiskeli, ni mazuri mno. Kwa historia, nadhani wabishi wana haki.

Kuna jambo dogo la Carcassonne linalonichekesha. Mji ulipoombwa fedha za kuuleta mfereji penye milango yake, haukukubali. Mfereji basi ukapita mbali, na wafanya biashara wa Carcassonne wakawa wanapakia bidhaa zao juu ya magari ya kukokotwa ili kuyafikia maji ambayo wangeweza kuyateka kwa dirisha. Walikuja kugharimia mchepuko baada ya zaidi ya miaka 100, na mashua ya kwanza ikaingia mjini mwaka 1810. Bahili hulipa mara mbili, hata akiwa ni mji mzima.

Kuanzia hapa tazama miti. Katika karne ya 19 kingo za mfereji zilipandwa miti ya platani, maelfu kwa maelfu, safu mbili ambazo matawi yake hukutana juu ya maji. Mizizi yake hushika ukingo usibomoke, majani yake hutia kivuli ili maji yasikauke upesi, na farasi na mwongozaji wake hawakuungua na jua. Mwaka 2006, karibu na Carcassonne, uligunduliwa kando ya mfereji ugonjwa unaoletwa na kuvu, ambao huingia ndani ya mti na kuziba njia za maji yake. Mti ulioambukizwa hauna dawa. Inaaminika kwamba kuvu hiyo iliingia Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Pili, katika mbao za masanduku ya silaha yaliyoletwa na majeshi ya Marekani. Miti kama 42,000 ilikuwa imesimama kandokando ya mfereji. Zaidi ya 20,000 imekwisha kukatwa na kuchomwa. Utapita mahali ambapo kivuli kinakoma ghafula kama kwa kisu, na jua linakupiga kichwani, na kando ya visiki vimesimama vijiti vyembamba vya miti ya aina nyingine, vimefungwa juu ya nguzo. Waliovipanda hawatakaa chini ya kivuli chake. Kazi hiyo nayo inafanywa na mikono ya watu wanaolipwa kwa mwezi.

Kutoka Argens hadi Béziers mfereji unakwenda kilomita 54 bila lango hata moja. Ukiitazama ramani utaona unavyojipinda kama nyoka aliyeshiba. Wachimbaji walifuata mstari wa kimo kimoja kando ya vilima, kati ya mashamba ya mizabibu, na mwendesha baiskeli huwa anakiona kijiji kilekile mara tatu kabla ya kukifikia. Barabara ya magari ingekufikisha kwa dakika chache. Lakini katika Le Somail, kijiji cha daraja moja la mawe, kanisa dogo na nyumba ya wageni, utafahamu kwamba hapo zamani ndipo wasafiri walipolala. Mashua ya abiria iliyokokotwa na farasi ilichukua siku nne kutoka Toulouse hadi Agde, karibu na bahari. Msafiri mmoja wa mwezi wa Mei 1787 alikuwa Thomas Jefferson, balozi wa Marekani, aliyekuwa rais wa nchi yake baadaye. Aliyaondoa magurudumu ya gari lake la farasi, akaliweka gari juu ya mashua, na sehemu kubwa ya safari aliteremka akatembea kwa miguu kwenye njia hiihii unayoiendesha. Aliandika kwamba hakuwahi kusafiri kwa namna ya kupendeza zaidi. Namwamini. Nakumbuka pia kwamba nyumbani kwake alikuwa na watumwa waliomlimia, na kwamba alikuwa mtu wa kutazama sana. Natamani kujua kama aliutazama ukingo aliokuwa akiukanyaga akajiuliza lile swali la msichana wa dirishani.

Kabla ya Béziers njia inafika mbele ya kilima cha Ensérune, na mfereji unaingia chini yake. Hili ni handaki la Malpas, lenye urefu usiofika mita 200, lililotobolewa mwaka 1679. Lilikuwa la kwanza la aina yake Ulaya kupitisha mashua. Mwamba wa hapo ni laini na huporomoka. Yasimuliwa kwamba maadui wa Riquet walimshitaki kwa Colbert kuwa amekwama, na kwamba kabla ya wakaguzi kufika, waashi wake walichimba kwa siri kwa muda wa siku chache mpaka mwanga ukaonekana upande wa pili. Shuka, ufunge baiskeli yako penye mti, upande kilimani. Juu yake wamekaa watu tangu karne nyingi kabla ya Kristo, na kuta za mji wao bado zaonekana. Chini uwandani utaona duara kubwa la mashamba, limegawanywa kwa mistari itokayo katikati, mfano wa njiti za gurudumu la baiskeli. Hilo lilikuwa ziwa la matope, Étang de Montady, lililokaushwa katika karne ya 13. Mitaro yote hupeleka maji katikati, na kutoka hapo hutoka kwa handaki lililopita chini ya kilima hikihiki. Kisha katika karne ya 19 wajenzi wa reli walitoboa la kwao. Kilima kimoja, basi, kina matobo matatu, na kila moja ni la karne yake.

Tobo la reli ndilo lililouua mfereji. Treni zilianza kwenda kutoka Bordeaux hadi Sète mwaka 1857, na mwaka uliofuata kampuni ileile ya reli ikapangishwa mfereji. Mwenye duka akimpangisha mshindani wake ghala, ajue litafungwa. Shehena ilipungua, ijapokuwa matishari ya mvinyo na nafaka yaliendelea, baadaye kwa injini badala ya farasi, mpaka katika miaka ya 1980 yakakoma. Njia ya farasi ikabaki bila farasi.

Hapo ndipo baiskeli ilipoingia, nayo haikuja kwa ghafula. Mwezi wa Juni 1936 serikali ya Ufaransa ilipitisha sheria ya kumpa kila mfanyakazi likizo ya wiki mbili yenye malipo. Kiangazi kile watu wa viwandani ambao hawakuwahi kuiona bahari walitoka kwa baiskeli, wengine mume na mke juu ya baiskeli moja yenye viti viwili, hema nyuma na sufuria pembeni. Wajukuu zao, walipoyakuta magari yamejaa barabarani, walitafuta njia zilizosahauliwa: kingo za mifereji, na reli zilizong’olewa. Katika jimbo la Burgundy, kati ya Givry na Cluny, reli ya zamani ilifunguliwa mwaka 1997 kuwa njia ya baiskeli na miguu tu, na nyingine nyingi zikafuata. Wafaransa huziita njia za kijani.

Sasa umefika Béziers. Nje ya mji yako malango ya Fonserannes, vyumba vya mawe vilivyoungana kama ngazi, vinavyozishusha mashua zaidi ya mita 20. Simama juu yake jioni. Ng’ambo ya mto Orb utaliona kanisa kuu juu ya mwamba, katika mji uleule ambao tarehe 22 Julai 1209 jeshi la vita nilivyovitaja liliingia na kuwaua watu kwa maelfu, hata waliokimbilia makanisani. Ndani ya mji kuna barabara pana yenye kivuli, na juu yake sanamu ya Riquet ya shaba, iliyochongwa na David d’Angers na kuzinduliwa mwaka 1838. Riquet mwenyewe hakuiona mashua yoyote ikimaliza safari. Alikufa tarehe 1 Oktoba 1680, miezi minane kabla ya ufunguzi, akiwa na madeni ambayo warithi wake hawakuyamaliza ila mwaka 1724. Anastahili sanamu yake, na sina neno nayo.

Nilimrudishia msichana yule jibu langu baada ya majuma mawili: wanawake wa milimani, wabeba vikapu, watu 12,000. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, “Na majina yao?” Nikamwambia kwamba fedha walizolipwa zimeandikwa, na vikapu vimehesabiwa. Akaandika hilo katika daftari lake.

Zimebaki kilomita 30 na kidogo. Nchi inakuwa chini, upepo una chumvi, na njia ni mchanga. Utapita Agde, mji wa mawe meusi ya volkano, ambao Wayunani waliuanzisha kabla ya Kristo. Kisha hakuna kijiji, ila nyasi za maji na ndege wenye miguu mirefu. Mahali paitwapo Les Onglous kuna taa ndogo ya kuongozea mashua juu ya ncha ya ukuta. Hapo ukingo unakatika, na ziwa la Thau linafunguka mbele yako, na ng’ambo ya maji upo mji wa Sète na bahari. Weka baiskeli chini. Maji yanayopita chini ya ukuta huo, sehemu yake, yalitoka Mlima Mweusi.